Namba ya Gari la Baba

"Saba sifuri nne!" Redio alipiga kelele kutoka mlangoni. "Nne tisa, mbili mbili moja! Msasa, unanisikia?"

Msasa alimsikia, ila hakugeuka. Alikuwa katikati ya boneti, bunduki ya rangi mkononi, barakoa usoni, na fundi wa rangi akishaanza kupuliza hasimami njiani. Ukisimama, rangi inakuachia michirizi, na mteja haoni kingine ila michirizi. Kwa hiyo kaka yake akabaki kizingitini, anarukaruka, simu juu, akiimba namba ile tena na tena mpaka mkono wa dada yake ulipofika mwisho wa bati.

"Haya," alisema Msasa akivua barakoa. "Umeokota nini?"

"Gari la baba! Linauzwa mtandaoni!"

Watu walimwita Redio kwa sababu ukimwasha hazimiki. Dada yake walimwita Msasa kwa ajili ya kazi yake, ingawa wapo waliosema ni kwa ajili ya ulimi. Na ile namba ilikuwa namba ya chesisi, inayogongwa kiwandani kwenye bati la gari, na kwao ilikuwa wimbo wa nyumbani. Baba yao, aliyebeba maharusi maisha yake yote kwa gari moja tu, aliwafundisha kuhesabu kwa namba hiyo. Siku ya kwanza ya shule mwalimu alimwambia Msasa ahesabu, naye akaanza na saba, akaenda sifuri, darasa zima likavunjika mbavu.

Baba alipougua, gari liliuzwa. Baba alipofariki, mama yao alisema jambo moja tu kuhusu gari lile: angependa kulikalia tena japo mara moja. Alisema akiwa anakunja nguo, bila kulia, kisha akaendelea kukunja. Tangu siku hiyo Redio alizungukia kila soko la magari ya kale lililoko kwenye simu.

Msasa alinawa mikono akaichukua simu. Tangazo lilijigamba: toleo la kwanza, gari la kuhifadhiwa, namba halisi ya kiwandani. Picha zilimeremeta. Alikuza ile ya namba, akaisogeza karibu na macho, akaikuza tena. Kuizunguka namba, chini ya rangi, alihisi mstari, mwembamba, wa mraba. Jicho la mtu mwingine lingepita tu. Lake lilikuwa limeshinda miaka mingi likitafuta mistari ya namna hiyo, alama ya bati lililokatwa kwingine na kuchomelewa.

"Redio, usilipe kitu."

"Sijalipa. Tunakwenda kuliona sasa hivi."

"Mimi na wewe tu, basi. Usimwambie Mama."

Redio akaanza kuangalia viatu vyake.

"Redio! Umemwambia Mama?"

"Ameshavaa," alisema Redio.

Na kweli alikuwa amevaa. Walimkuta ameketi nje ya nyumba na gauni lake la zambarau, kilemba kimefungwa kwa nakshi, mkoba mapajani, anawachekea kabla hawajafika. Msasa hakuwa amemwona mama yake akicheka hivyo tangu msiba. Alitaka kusema, akaacha. Je, kama amekosea? Picha ya simu nayo si kitu cha kuapia. Lakini kama hajakosea, mama atafurahia gari la wizi lenye namba ya gari la mumewe, na siku askari watakapolifuata, atamzika mume mara ya pili. Njia nzima Redio aliongea, Mama akacheka, Msasa akatafuna kucha.

Uwanja wa muuzaji ulikuwa umezungushiwa mabati, na gari lilikuwa limeegeshwa katikati, limeng'arishwa hadi ukaweza kuchania nywele mbele yake. Muuzaji alikuwa mtu wa mikono laini na maneno matamu.

"Karibu sana, mama yangu. Fungua mwenyewe."

Mama akafungua mlango. Ukafunguka kwa sauti ndogo ya heshima. Akaufunga, ukafungwa. Akasimama kando yake kidogo, kichwa upande.

"Mlango huu una adabu sana," alisema.

"Umetengenezwa upya, mama."

"Hm," alisema Mama, na kicheko kikapungua usoni. Akaomba aoneshwe msalani, akaenda zake nyuma ya makontena.

Msasa alimkonyeza kaka yake. Redio hakuhitaji kukonyezwa mara mbili. Alimshika muuzaji mkono, akamuuliza habari za matairi, na kutoka matairi akaingia kwenye mafuta, kutoka mafuta akaingia kwenye mvua za siku hizi. Msasa akainua boneti. Namba ilikuwa pale, kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini: saba sifuri nne. Tarakimu ni zile zile, hata ile nne iliyogongwa ikainama kidogo, ambayo alizoea kuigusa akiwa mtoto. Akatoa kipande cha msasa mfukoni, akakilowesha, akasugua pembeni pale rangi ilipokuwa imebanduka, eneo lisilozidi ukucha.

Nje ya mraba, chini ya rangi mpya, ikatokea nyekundu. Gari hili lilizaliwa jekundu. Akasugua ndani ya mraba. Ikatokea rangi ya maziwa, rangi ya gari la baba, na juu ya maziwa, kijani.

Kijani cha mlango wa jikoni!

Aliijua rangi ile kama anavyoijua sauti ya mama yake. Baba alipotaka kuziba kutu chini ya boneti, rangi ya maziwa ilikuwa imemwishia, akachukua kopo la kijani ambalo Mama alilinunulia mlango wa jikoni. "Nani atafungua boneti harusini?" alisema. Msasa ndiye aliyemshikia kopo. Ndiyo kazi yake ya kwanza ya rangi duniani. Mlango wa jikoni ukabaki nusu kijani nusu mbao, na Mama akamnunia baba mpaka baba mwenyewe akapika.

Msasa akaanza kucheka. Alicheka kichwa kikiwa chini ya boneti, machozi yakimdondokea kwenye mkono.

"Dada, kuna nini?" aliuliza muuzaji, akimponyoka Redio.

"Hii namba ni ya kweli," alisema Msasa. "Ya kweli kabisa. Umeikata na bati lake, ukaichomelea kwenye gari la mwenzako, ukapaka puti kuficha mshono, ukapuliza rangi juu. Ila ulikuwa mvivu, bwana wee! Hukukwangua rangi ya zamani."

"Wewe ni askari?"

"Mimi ni fundi wa rangi. Askari anaongea nao huyu hapa."

Redio alikuwa ameshaweka simu sikioni, anaeleza, na safari hii maelezo yake yalikuwa mafupi. Muuzaji akatazama geti, akamtazama Redio alivyo mpana, akaketi juu ya tairi.

"Sasa niambie," alisema Msasa, kwa furaha iliyokuwa bado inaogopa kujiamini. "Mahali ulipolikata bati hili, pamebaki nini?"

Hakungoja jibu. Kutoka nyuma ya makontena kulisikika kishindo, kisha kingine, kisha mlio mrefu wa bawaba kavu, na sauti ya Mama.

"Njooni! Jamani, njooni upesi!"

Walikimbia. Katikati ya majani yaliyofika kiunoni lilisimama gari lisilo na matairi, kutu tupu, taa moja, kuku wawili juu ya paa. Mama alikuwa ameushika mlango wa mbele, gauni la zambarau limejaa vumbi la kutu upande mmoja.

"Ulikwama," alisema akihema. "Nikauinua kidogo, nikaupiga nyonga. Sikuwaza hata. Nyonga imekwenda yenyewe!" Akaupiga tena ili wauone, na mlango ukalia. "Miaka yote nilimwambia baba yenu autengeneze, akasema, ukipona, mimi nitachezea wapi nyonga?"

Msasa aliinama chini ya boneti iliyolegea. Kwenye ukuta wa bati kulikuwa na tundu la mraba, na kwenye kingo zake zote, chini ya vumbi, kijani. Redio akaangalia, akapapasa kingo za tundu kwa kidole. Akamkumbatia dada yake, akamnyanyua juu, vipande vya msasa vikamwagika majanini kutoka mfukoni mwake.

Hawakuondoka nalo siku ile. Askari walilichukua gari la kumeremeta pamoja na muuzaji, kwani lilikuwa la mtu na mwenyewe alikuwa analitafuta. Lile bovu likabidi lisubiri uchunguzi, ndipo wauziwe kwa bei ya chuma chakavu. Mama akawa anampigia mkaguzi wa polisi kila asubuhi kuliulizia hali, kama mtu anayeulizia mgonjwa wodini. Mwishowe mkaguzi mwenyewe akapiga: "Mama, njoo umchukue."

Wakaenda na gari la kuvuta. Msasa alishazunguka lile gari mara kadhaa, anabonyeza kutu kwa kidole, anapiga hesabu ya bati la kukata na bati la kuokoa. Ni kazi ya mwaka, alimwambia Redio. Labda zaidi. Alisema huku akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Mama, shuka sasa," Redio aliita. "Wanataka kulifunga minyororo."

Mama hakushuka. Alikuwa amekaa ndani, kwenye kiti cha abiria, mgongo wima, mkoba mapajani, kiti cha dereva kitupu kando yake, springi nje. Vijana wa minyororo walisimama, wakaangaliana, mmoja akavua kofia. Mama alishika kishikio cha dirisha, akakizungusha polepole, raundi baada ya raundi, akashusha kioo ambacho hakikuwepo, kisha akatoa kiwiko nje kupunga upepo.