Madole Mia Tatu na Kumi na Mawili

Maneno ya kisimani huishia kisimani, lakini hili lilimfuata Tupokigwe hadi jikoni: ati huko Mbeya kuna ubao wa matangazo, mtu akibandikwa picha yake pale harudi tena kuwa kama alivyokuwa. Alikuwa akichambua maharage. Akalitupa lile neno pamoja na mawe, na jioni akalikuta tena kwenye ungo.

Juni ile ya mwaka wa sabini na tano, Ndugu Liberatus, karani wa chama cha ushirika pale Nyololo, alirudi kutoka semina ya Mbeya. Alirudi na ubao. Zahanati ya chama haikuwa na dawa tangu Pasaka, lakini semina ilikuwa imefundisha wazi kwamba siku hizi chama kisicho na ubao ni marehemu. Kuhusu dawa haikufundisha kitu.

Ubao ulifanya kazi vizuri. Kilichobandikwa Nyololo asubuhi kilionekana kwenye mbao za Iringa na Mbeya kabla ya chakula cha mchana, bila mtu kukibeba. Watu wa posta walinung'unika kidogo, basi. Aliyependezwa na picha alichovya dole gumba kwenye wino, akalibonyeza chini yake. Chama chenye madole mengi ndicho kilichoendelea.

Liberatus akamchukua Kalista, binti wa Tupokigwe, wa darasa la sita, akamshikisha chupa ya dawa aliyoijaza chai ya rangi.

"Tabasamu, mwanangu. Hapana, hilo ni la msibani."

Akapiga picha, akaandika chini yake: ZAHANATI YETU INA DAWA. Dole la kwanza lilibonyezwa na Tupokigwe mwenyewe, ingawa alisoma hadi darasa la nne na jina lake anajua kuliandika. Mtoto alikuwa amependeza.

Dole la kumi lilipobonyezwa, Kalista alikuwa akisonga ugali, akatabasamu bila sababu. La hamsini, akashindwa kukunja uso. Kufika mia, tabasamu la kwenye picha lilikuwa limekaa usoni pake kama kifungo kilichoshonwa. Bibi yake alipozikwa alitabasamu toka mwanzo hadi mwisho. Waombolezaji wakamshauri mama ajaribu mafuta ya nyonyo.

Julai, ukungu ukiwa haujatoka mlangoni, Kalista akashikwa na kichomi. Tupokigwe akambeba mgongoni hadi zahanati.

"Mama Kalista, huyu anacheka," alisema Yudith, nesi.

"Weka sikio kifuani, dada."

Yudith akaweka. "Anataka sindano. Sina."

"Mmeandika mnayo."

"Kamuulize aliyeandika."

Ofisini, Liberatus hakuinua macho kutoka kwenye wino. "Dawa ipo, mama. Madole mia tatu na kumi na mawili, na Kilolo bado wanabonyeza. Dole ofisini ni nini? Si ni sahihi? Basi watu wametia sahihi kwamba ipo. Mkoa umesoma, umeona hatuna shida, dawa zetu zimepelekwa kwingine."

"Basi ibandue hiyo picha."

"Kila mwenye dole aje alitoe mwenyewe. La kwanza nadhani ni lako."

Tupokigwe akalikwangua lake kwa kisu cha kumenyea viazi. Pembe moja ya mdomo wa Kalista ikashuka, kwa kadiri ya dole moja. Yaliyobaki yalikuwa ya watu wa mbali, na kufikia jioni yalikuwa mia nne.

Lori la mbao lilimfikisha mtoto hospitali ya misheni siku ya pili. Alipona, ila pafu moja lilibaki likipiga filimbi. Chama kikapewa kombe la ubao bora. Kombe liliwekwa kwenye kabati la dawa, maana ndiko kulikokuwa na nafasi.

Kalista sasa hulia akitabasamu. Mama yake hutazama macho.

Tupokigwe aliandika karatasi, akaibandika mlangoni kwake. Inasomeka hivi, ukiacha madole manane ambayo wapita njia wamekwisha kubonyeza chini yake:

Usimpe mtu wa ofisi picha ya mtoto wako.
Usishike chupa usiyojua kilichomo.
Usitie dole kwa sababu tu kitu kimependeza.
Usitabasamu kwa kuamriwa.
Usitupe neno la kisimani pamoja na mawe.
Usiseme mtoto ni mzima kwa kuwa anacheka. Weka sikio kifuani.