Panela na Wageni wa Desemba

Ikifika Desemba, watu wa milima ya Antioquia, huko Kolombia, hushikwa na wazimu wa wema. Makao ya wazee ambayo mwaka mzima hayapigiwi hodi ila na muuza maziwa hufurika wageni: wanafunzi, watu wa benki, kwaya, kila kundi na sinia lake la buñuelo, maandazi ya jibini ya moto, na kila mtu na haraka ya kumkumbatia mzee ambaye hata jina lake halijui.

Rubiela Quiroz aliumwa ugonjwa mwingine: hakuweza kusema hapana. Mbwa wake Panela, jike mwenye rangi ya sukari guru, alikuwa mbwa wa faraja, aliyefunzwa na kupewa kitambulisho cha kuingia wodini na kwa wazee ili watu wampapase na kusahau maumivu yao kidogo. Kawaida walitoka mara moja kwa juma. Juma hili la novena, sala za siku tisa kabla ya Noeli, walikuwa wametoka kila siku, maana kila aliyepiga simu alianza na "Rubiela, kwa ajili ya Mtoto Yesu," na nani atamnyima Mtoto Yesu?

Sharti lilikuwa moja tu kali: mbwa wa faraja akimngurumia mtu, kitambulisho kinarudishwa, kazi imekwisha. Tangu afiwe na mumewe, Rubiela hakuwa na kazi nyingine iliyomtoa kitandani akiwa na furaha. Aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Alasiri moja ya juma hilo walikaa katika ukumbi wa makao ya wazee, karibu na pango la Noeli, pembeni ya kiti cha magurudumu cha Bi Ermelina, aliyeuza soseji sokoni maisha yake yote na ambaye mdomo wake haukustaafu.

"Na wewe umeletwa kupigwa mabusu?" Bi Ermelina alimwuliza mbwa. "Pole, mwenzangu. Mimi tangu asubuhi shavu limelowa."

Panela akaweka kidevu kwenye goti lake, wote wawili wakatulia. Hapo ndipo wafanyakazi wa kampuni moja ya bima walipoingia na kofia nyekundu, matari, manyanga na spika kubwa kama kabati. Wakaanza kuimba kabla ya kusalimu.

Rubiela aliona mbwa akijilamba pua. Kisha Panela akapiga mwayo, na haukuwa wa usingizi bali wa wasiwasi. Mwanamume mmoja mwenye ndevu za pamba akaleta kijiko cha natila, uji mzito wa maziwa na sukari, na Rubiela akaudaka mkono hewani.

"Ina zabibu kavu, kaka. Kwa mbwa hiyo ni sumu."

"Kidogo tu, mama! Ni sikukuu!"

"Hata kidogo."

Hilo aliweza kulisema. Lakini Sista Betsabé, mkuu wa makao, alipokuja jasho likimtoka, ameshika pembe za kulungu za kitambaa, ulimi wa Rubiela uliganda.

"Picha moja tu, mwanangu. Avae hizi, wageni wamzunguke. Hawa ndio wametununulia magodoro."

"Sista, ameanza kucho..."

"Moja tu!"

Pembe zikavishwa. Watu wakabana, mikono ikatoka kila upande, yule wa ndevu akamkumbatia Panela shingoni. Mbwa akakakamaa, akageuza uso pembeni, weupe wa jicho ukaonekana. Rubiela aliona yote na bado akatabasamu kwa ajili ya picha, Mungu amsamehe. Ndipo sauti ikatoka kifuani mwa Panela, nzito, ya chini.

Yule wa ndevu akaachia. "Amenguruma huyu?"

"Nani amenguruma?" Bi Ermelina alidakia kwa sauti ya sokoni. "Ni tumbo langu! Mmenishindilia mafuta tangu asubuhi, mnadhani ni tumbo la chuma? Subirini mlisikie vizuri!"

Wageni wakarudi nyuma kwa adabu na kwa woga. Rubiela akavua zile pembe na kumrudishia Sista.

"Hapana, Sista. Picha basi. Panela amechoka, namtoa."

Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Alishangaa limemchukua umri wote huo.

"Na mimi nitoe," Bi Ermelina alisema. "Tunaumwa wote."

Wakaenda kwenye chumba cha kufulia, ambako mashine zilikuwa zimezimwa. Rubiela akamwekea mbwa maji, akafunga mlango. Panela alijikung'uta kuanzia masikio hadi mkia, akalala ubavu juu ya rundo la mashuka. Mlango haukukaa sana ukafunguliwa: Mzee Heliodoro, na fimbo yake.

"Nasikia huku ni kwa wenye matumbo."

"Ingia, lakini kimya," Bi Ermelina alimwambia. "Na usimguse. Akitaka atakuja mwenyewe."

Wakaja wengine, wakajipanga kwenye vikapu vya nguo, hakuna aliyesema kitu, na Rubiela aliona hajawahi kufanya ziara nzuri kama hiyo. Ukumbini novena iliendelea kuimbiwa viti vitupu.

Mwisho Sista Betsabé akatokea mlangoni. Wazee wakainamisha macho. Rubiela akasimama. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Sista, halikuwa tumbo. Ni Panela alinguruma. Kosa ni langu, nilimwona akiniomba tuondoke nikajifanya kipofu. Ukitaka kuripoti, una haki."

Sista alimtazama mbwa, kisha wazee wake waliojibanza kati ya foronya.

"Alimng'ata mtu?"

"Hapana."

"Alisema tu kwamba imetosha."

"Ndiyo."

Sista akafunga mlango nyuma yake, akavua viatu, miguu imevimba. "Mimi nanguruma moyoni tangu Jumatatu," alisema, "na hakuna aliyenitoa nje." Akakisogeza kikapu kwa mguu na kuketi. "Ermelina, jisogeze kidogo."

Panela akainua kichwa, akafikiri, akaja mwenyewe kumlalia miguuni.