Supu ya Njegere ya Bwana Castory

Miaka ile ruksa ya biashara ilipokuwa imekomaa, na kila mtu Dodoma mwenye dirisha la kuelekea barabarani amekwisha kuligeuza duka, Bwana Castory aliamua kumpikia mzungu supu.

Si supu ya mbuzi. Hiyo ilipikwa nyumbani kwake kila alfajiri, na yeye aliipita ameziba pua, ingawa ndiyo iliyomlisha. Ilikuwa supu ya mkewe, Generosa, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la Majengo: mabenchi mawili, turubai lenye viraka, na sufuria moja kubwa ya kumkalisha mtoto akaoga. Mshahara wa mume ulipobaki wa kununulia sukari na kiberiti, sufuria ile ndiyo iliyolipa ada ya binti yao Anjelina. Ndiyo iliyoezeka nyumba. Ndiyo iliyoshona hata kaundasuti aliyoivaa Bwana Castory kwenda chuoni kuwafundisha watu kwamba biashara ndogondogo ni ubepari mchanga.

Alikuwa mkufunzi wa siasa. Siasa ilipobadilika, yeye alibadilika kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi somo liliitwa Maovu ya Soko Huria, alasiri likaitwa Manufaa ya Soko Huria, na wanachuo wakaambiwa waendelee na madaftari yaleyale. Nyumbani hakubadilika. Kibanda kiliendelea kuwa aibu, na fedha ya kibanda ikaendelea kuliwa.

Wateja wa Generosa walikuwa watu wa Majengo, wengi Waislamu waliozaliwa mjini pale wao na babu zao: mafundi cherehani, wauza vitambaa, madereva wa malori ya samaki wa Mtera. Yeye mwenyewe ni Mkatoliki wa Kibakwe, na kwao kule milimani Krismasi bila nguruwe ilihesabika kama siku ya kawaida. Lakini kabla hajawasha moto wa kwanza alikwenda kwa Mzee Shaban, mchinjaji, akapiga goti, akasema, "Shikamoo mzee. Mbuzi wangu utanichinjia wewe. Na sufuria yangu haitaguswa na mnyama yule maisha yake yote." Mzee Shaban akaitikia marahaba. Kesho yake akaja, akakaa benchi la mbele, akanywa bakuli zima machoni pa watu. Hiyo ndiyo ikawa leseni. Ile ya manispaa ilikuwa karatasi ya kufungia chumvi.

Sasa mzungu. Aliitwa Bwana Vogel, Mjerumani, na alitumwa na wafadhili kupita chuo hadi chuo akiamua kipi kiishi na kipi kife. Wenzake Bwana Castory waliposikia, walianza kutafuta dua. Yeye alitafuta nyama. Aliwahi kusoma Ujerumani ile ya Mashariki, enzi za urafiki, na huko kila Jumatano mabwalo ya wafanyakazi yaligawa supu nzito ya njegere kavu iliyochemka na paja la nguruwe la moshi. Supu ya makuli, kwa kifupi. Wakati ule alisimulia kwamba ndicho chakula cha tabaka la wafanyakazi duniani. Sasa aliona kwamba ndiyo njia ya kuelekea cheo cha mratibu wa mradi, chenye gari.

"Mama Anjelina," alisema, "Jumapili tuna mgeni. Nitahitaji ile sufuria kubwa."

Generosa alikuwa anachambua mchele. "Ya kupikia nini?"

"Supu ya njegere. Na paja la nguruwe."

"Sufuria yangu?"

"Usiwe mshamba. Sufuria ni aluminiamu. Haina dini."

"Yenyewe haina. Wanaokula humo wanayo."

"Hizo ni fikra za wachuuzi."

"Wachuuzi hao ndio wamekuvalisha viatu, Baba Anjelina. Vivue kwanza, halafu uwatukane."

Bwana Castory alivitazama viatu vyake, akabadilisha mazungumzo. Wakakubaliana hivi: sufuria kubwa isiguswe. Atapika Generosa mwenyewe, katika ile ndogo iliyobonyea mdomo, ambayo haikuwahi kufika sokoni. Alikubali kwa sababu alimjua mumewe. Ukimwacha peke yake na moto, unarudi kukuta moto ndio unaompika yeye.

Paja lilinunuliwa katika duka jipya la vyakula vya nje, karibu na stesheni, mahali ambapo zamani uliulizwa kadi ya chama kabla ya kupewa kipande cha sabuni. Lilikuja limevaa wavu kama goli la mpira. Generosa alililoweka litoe chumvi, akamwaga maji, akaliloweka tena. Njegere zilikuwa za kwao Kibakwe, kavu, ngumu kama changarawe. Alizipaaza kwenye jiwe mpaka kila moja ikapasuka pande mbili, akazipepeta kwenye ungo, maganda yakaruka na mbegu zikabaki, kijani kilichofifia. Alipima bakuli moja na nusu, akazimimina katika sufuria ndogo, akaliweka paja katikati, akazungushia vitunguu, karoti na jani la figili, akajaza maji mpaka yakalifunika.

"Mimi nakwenda misa," alimwambia mumewe. "Koroga chini zisishike. Usiongeze mkaa. Na njegere zilizobaki ziache kwenye ungo, umesikia?"

"Mimi nimesoma Ulaya, Mama Anjelina."

"Ndiyo maana nakwambia."

Yaliyofuata Generosa aliyasoma baadaye jikoni, kama polisi anavyosoma nyumba iliyovunjwa. Ungo ulikuwa mtupu. Jiko la mkaa lilikuwa na ukoko wa kijani pande zote, na sakafuni ulipita mto uliokauka kuelekea mlangoni. Haikuhitaji shahidi. Bwana Castory alichungulia sufuria, akaona supu ni chache. Kwa mzungu mmoja ingetosha, lakini yeye hakuwa amemwalika mzungu, alikuwa amealika cheo, na cheo hukipimi kwa bakuli moja na nusu. Akamimina njegere zote. Kwa muda zilikaa kimya chini ya maji kama wajumbe wa mkutano waliolipwa posho. Kisha zikaanza kufura. Njegere kavu ikionja maji ya moto hairudi nyuma. Ilipanda, ikafunua kifuniko, ikamwagikia mkaa, moshi ukajaa nyumba, na msomi wa Ulaya akatafuta chombo cha kuiokolea. Nyumba ile ilikuwa na chombo kimoja tu cha kuweza kuimeza.

Generosa alirudi misa akanusa nguruwe tangu kwenye kona ya barabara. Alipoingia jikoni aliikuta sufuria yake ya sokoni juu ya moto, imejaa tope la kijani linalotokota polepole, na mfupa umechomoza katikati kama nguzo ya goli. Alisimama hapo na kitenge cha kanisani. Sebuleni mgeni alikuwa ameshafika. Kicheko chake kilisikika.

Bwana Castory aliingia kwa kunyata. "Ilimwagika," alinong'ona. "Ningefanyaje?"

"Ungeiacha imwagike."

"Utaiosha kwa majivu. Nani atajua?"

Nani atajua. Generosa aliyafahamu maneno yale kwa sauti na kwa harufu. Yalisemwa kijijini kwao ghala lilipokuwa tupu na taarifa ikaandikwa limejaa. Yalisemwa watu walipohamishwa na nyumba zao zikatiwa moto, kisha gazeti likaandika kwamba walihama wakiimba. Kila aliyewahi kuyasema alikuwa na uhakika kwamba atakayeumia ni mwingine. Alichota supu, akapeleka mezani.

Ilikuwa tamu, tena hilo ndilo lililoudhi. Njegere zilikuwa zimelainika zikawa uji mzito, nyama inatoka mfupani kwa kuguswa na kijiko, moshi wa paja umeingia mpaka ndani ya karoti. Bwana Vogel alionja, akafumba macho. Alisema kwa Kiswahili alichojifunza kwa kaseti kwamba bibi yake aliipika hivi hivi, majira ya baridi, baada ya vita. Akala bakuli la kwanza, akala la pili, na katika la tatu machozi yalimlengalenga. Bwana Castory alimwangalia kama mkulima anavyoliangalia wingu.

"Na kuhusu chuo chetu," alisema, "mimi binafsi nimekuwa mstari wa mbele katika mageuzi."

"Ah, ndiyo," alisema Bwana Vogel, akajifuta mdomo. "Chuo kinafungwa. Nimeshaandika. Majengo yake lakini ni mazuri sana. Yupo mtu wa hoteli anayataka."

Kijiko cha Bwana Castory kilibaki hewani. "Na wakufunzi?"

"Mtapata semina, ya siku chache. Mtafundishwa biashara ndogondogo." Akamgeukia Generosa kwa uso wa shukrani kabisa. "Mama, hii iliyobaki, naweza kuondoka nayo?"

Akaondoka nayo, katika kopo la mafuta ya kula. Hakuacha hata mfupa.

Jumatatu asubuhi Bwana Castory alilala kifudifudi kwenye kochi, redio ikimweleza mazuri ya uwekezaji. Generosa alibeba sufuria tupu mpaka sokoni. Angeweza kuisugua na kunyamaza. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, chapati zilikuwa zimekandwa, hakuna aliyeona kitu. Na akisema, kibanda kinaweza kufa siku hiyohiyo, na hapakuwa na mshahara mwingine nyumbani wala ada nyingine ya Anjelina. Alipofika, wateja walikuwa wameshakaa, Mzee Shaban benchi la mbele na bakora yake kati ya magoti.

"Leo umechelewa, Mama Anjelina," alisema Matonya, mpagazi. "Njaa imeshaanza kuniita kwa jina la baba."

Generosa aliiweka sufuria chini katikati yao. "Jana ilipikiwa nguruwe humu. Sikuwepo, lakini ni nyumbani kwangu. Nimeona niwaambie mwenyewe."

Fundi mmoja cherehani alirudisha bakuli tupu benchini taratibu, kana kwamba limemng'ata. Dereva wa lori aliinuka, akaondoka bila kuaga. Wengine walimtazama Mzee Shaban.

"Nani alipika?" mzee aliuliza.

"Mume wangu."

"Yule wa kaunda?"

"Huyo."

Mzee Shaban aliichungulia sufuria. Hakuwa mtu wa haraka. "Tungekuwa tumeshakunywa, ndipo tusikie," alisema mwishowe, "nisingekujua tena. Lakini umesema kabla. Sufuria inasafishika, mama. Mara saba, moja kwa udongo. Sheria iko wazi. Ila wewe hutaigusa. Aliyeichafua aje aioshe hapa, tuone kwa macho yetu."

"Hatakuja, mzee. Anajiona mkubwa."

"Basi nasi njaa tutaizoea."

Generosa alirudi nyumbani, akazima redio. Alimweleza mumewe kwa maneno machache. Bwana Castory alisema haiwezekani, yeye ni mtu wa heshima. Alisema ni unyanyasaji. Alisema atakwenda kwa mkuu wa wilaya. Generosa alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Usipokuja," alisema, "moto wangu hautawaka, leo wala kesho. Utakula semina."

Alikuja amevaa kaundasuti, labda akidhani itasaidia. Soko zima lilikuwa limepata habari. Alipewa kigoda, ndoo ya maji na dongo jekundu lililochimbwa nyuma ya choo cha soko. Aliyelichimba hakutaka kujitaja. Bwana Castory akakunja mikono ya kaundasuti, akaketi, akaanza kupaka udongo kwa ncha za vidole kama anayepodoa bibi harusi.

"Ingiza mkono, mheshimiwa," alisema Matonya. "Uliingiza mkono kwenye mambo yetu mengi kabla ya hili."

Bi Batuli, mjane wa kibanda cha jirani, alisogea na kumwinamia usoni. "Ehe, ndiye. Mwaka ule wa msako wa walanguzi uliingia dukani kwa marehemu mume wangu na mgambo, ukabeba sabuni yote, ukasema ni mali ya umma. Nilikuwa na hamu ya kukuuliza, mwanangu. Umma gani ulioga?"

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Bwana Castory alisugua, akasuuza, akamwaga, akachota tena. Jasho lilimtoka chini ya kola. Tope lilimrukia kifuani. Ilifika mahali akainua kichwa na kusema, "Nadhani sasa imebaki moja tu."

"Moja?" Matonya alisema. "Hiyo ndiyo kwanza ya nne."

"Ya tano," alisema fundi cherehani.

"Ile ya mwanzo haihesabiki, alikuwa anaipapasa."

Ubishi ukapamba moto, kila mtu na hesabu yake. Wakamgeukia Mzee Shaban. Mzee akasema samahani, alikuwa anasalimiana na mtu wa Haneti, hakuhesabu. Mwenye sufuria na aseme.

Wote wakamtazama Generosa. Alikuwa amehesabu. Alikuwa amehesabu kwa midomo iliyofungwa tangu tope la kwanza, naye alijua kwa yakini kwamba mumewe amekwisha kuosha mara sita. Bwana Castory naye alimtazama, na katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumtazama kwa unyenyekevu namna ile.

Generosa aliinama, akapanga kuni kati ya mafiga, akapuliza kidogo.

"Mimi nilikuwa kwenye moto," alisema. "Sijaona kitu. Aanze upya."