Mwana wa Jiwe

Kama yupo mtu aliyezaliwa na roho ya fisi, ni Yoramu. Kaka yake Elieza alifia kwenye kazi ya reli ya Mjerumani, na hata matanga hayajaanuliwa, Yoramu akamwambia mjane, Loisi, kwamba atamrithi. Loisi akamjibu kuwa yeye ni mke wa ndoa ya kanisani, si ng'ombe wa urithi. Tangu siku hiyo hawakuombana hata chumvi.

Loisi akashika kazi. Kambi ya reli ilikuwa imefika Zuzu, vibarua wanataka ugali, naye ndani ya tembe lake alikuwa na ungo, vibuyu na jiwe la kusagia. Jiwe lenyewe huwa mawili. La chini huitwa mama. Hilo alilinunua kwa mbuzi wake akalijengea kwa udongo sakafuni. La juu, la kushika mkononi, ndilo mwana. Kwa miaka minne alisaga mpaka mama na mwana wakazoeana, wakalaliana pasipo hata unywele kupita kati yao. Ndiyo maana unga wake wa uwele haukuwa na mchanga. Na ndiyo maana Mbwana, mpishi wa kambi, mtu wa Kondoa mwenye ulimi mkali, hakununua kwa mwingine.

Yoramu alipoona biashara imeshika, kijicho kikampanda. Akaja na wazee wawili wa ukoo, akatangaza kuwa tembe ni la marehemu na vilivyomo ni vya ukoo. Sasa atakayesaga ni mke wake mpya, Priska. Wazee waliangalia miguu yao. Loisi alijua hapo hana mtetezi, akaomba apewe mwana peke yake.

"Mchukue, shemeji," Yoramu akasema, anacheka. "Mawe yamejaa korongoni. Jiwe ni jiwe."

Mwanamume asiyewahi kusaga hata kibaba kimoja, ulitaka aseme nini? Loisi alimfunga mwana mgongoni kwa kaniki, akaenda Kizota kwa kaka yake Sostenes. Alimchukia Yoramu njia nzima, hatua kwa hatua, na chuki hiyo ilimsaidia kupanda vilima.

Kizota alianza upya. Akatafuta mama mwingine korongoni, lakini mwana wa zamani hakumkubali. Tumbo lake lilikuwa limechongeka kwa yule wa Zuzu. Ikabidi atafute na mwana mpya. Sasa mawe mapya hayasagi mpaka yagongwe uso kwa jiwe gumu, na jiwe gumu kuliko yote aliyokuwa nayo ni lile alilolibeba mgongoni. Pigo la kwanza alilia. Baada ya hapo aligonga tu, miezi mitatu, na unga wenye mchanga akawamwagia kuku. Mwisho siku moja akalamba unga, meno yasisikie kitu. Juma lile lile Mbwana akaleta magunia ya uwele asagiwe.

Kule Zuzu Priska alikuwa amesagia mwana wa kuokota. Vibarua walitafuna mchanga, na Mbwana akaumwaga unga wote mlangoni kwa Yoramu, akamshauri aupeleke stesheni wakajengee.

Yoramu akafika Kizota bila hodi. Mwana wa zamani alikuwa kibarazani, kifudifudi.

"Hili ni la ukoo," akasema, akamnyakua.

Sostenes alichukua fimbo. Loisi akamshika mkono, akamtazama shemeji yake usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mchukue, shemeji. Jiwe ni jiwe."

Yoramu akampakata kifuani, jasho linamtiririka, akashika njia ya Zuzu. Hakumgeuza hata mara moja kuona tumbo lilivyoliwa na ile miezi mitatu ya kugonga. Loisi akaingia ndani, akapiga magoti, akaendelea na uwele wa Mbwana.