Bawa la Fundi Vitanda

Niliporudi kutoka kazini nilikuta bawa la kushoto la jeti yangu ndogo ya rimoti limenona. Kwa macho, katika mwanga hafifu, lilikuwa lilelile, mbavu zake nyembamba zimejipanga kama nilivyozipanga. Lakini nilipolinyanyua, mkono ulishtukia uzito.

Nikawasha taa ya karakana. Boksi la jeti yangu lilikuja na mbao laini, nyepesi kama ganda la karanga. Sasa kila ubavu ulikuwa umeongezewa kibao cha mbao ngumu, kimekatwa vizuri, kimepigwa msasa, kimeshikana kwa gundi. Nyumbani kwetu ni mtu mmoja tu mwenye mkono huo.

"Baba!"

Akaja na kikombe chake cha chai, uso umejaa furaha ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Umeona? Hizo zako mtu akipiga chafya zinavunjika. Sasa hata ukilikalia, halilalamiki."

"Nani kakwambia litakaliwa? Hii ni ndege, baba, si kitanda!"

"Wee, punguza sauti. Vitanda ndivyo vilivyokulea."

Nilikuwa na maneno mengi, tena makali. Jumapili nilitaka iruke, na kwa uzito ule feni yake ndogo isingeibeba hewani. Nikayameza. Mzee huyu, aliyezoea kuiita kazi yangu hii ya ndege midoli, leo alikuwa ameiinamia mchana kutwa.

Nikampa bawa lile mkono mmoja, na mkono wa pili nikampa la kulia, ambalo alikuwa hajalifikia. Akayapandisha na kuyashusha. Tabasamu likamfutika usoni.

"Nimeiua?"

"Bado."

Akavuta kiti, akachukua patasi yake ndogo kabisa, akaanza kuvichonga vibao vyake mwenyewe, kimoja kimoja, huku akinung'unika.

"Maisha yangu yote natengeneza vitu visitikisike. Leo nadhoofisha kwa makusudi."

"Unaipunguzia mzigo."

"Ndiyo hayohayo."

Mama akachungulia mlangoni. "Mbona kimya? Mmeuana humu?"

Baba alikuwa ameshikilia ubavu mmoja kwenye mwanga, hathubutu kupumua.

Jumapili, uwanjani, rimoti ilinishughulisha mikono yote miwili. Jeti ile haina magurudumu; lazima mtu airushe.

"Niirushe? Kitu nilichokichonga kwa mkono wangu?"

"Kimbia nayo, nikisema achia, achia."

Akakimbia, jeti kaiinua juu ya kichwa, feni inalia. Nikasema achia. Akaendelea. Kandambili moja ikabaki nyuma, naye bado anakimbia, ameing'ang'ania kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa kitu chake.

"Achia, baba! Achia!"

Akaachia. Jeti ikazama kuelekea kwenye nyasi, tumbo likakaribia kabisa kugusa, halafu ikajivuta juu, ikapita juu ya paa la jukwaa la watazamaji. Baba alibaki na mkono wazi hewani, akiifokea kana kwamba inamsikia:

"Taratibu, wewe! Taratibu!"