Mtoto Aliyelilia Jina

Herman, mtembeza wageni, hakuwa na haraka hata chembe. Alisimama mlangoni mwa kiwanda kikongwe cha kuchambua pamba, pale Shinyanga mjini, akawaeleza wageni mabati yalikotoka, matofali yalikochomwa, na mzungu gani aliyeng'ang'ania mlango uwe mpana. Ungedhani analipwa kwa neno. Generosa alimsikiliza huku mtoto akilia mgongoni, akatamani kumziba yule bwana mdomo kwa kiganja.

Davis, mwanawe mchanga, alikuwa halali wala hanyonyi tangu juzi. Zahanati ya kijijini ilimpa dawa ya maji, akaitapika. Ndipo mama mkwe, Eufrasia, akatoa hukumu: mtoto analilia jina. Anamtaka babu yake mzaa baba, Mihayo, aliyekuwa akichochea moto wa boila humu kiwandani mpaka siku alipoanguka mbele ya boila hilo akafa. Apewe jina hilo hapo hapo, atatulia. Baba wa mtoto alikuwa machimboni Katoro, simu haipatikani. Waliposhuka kwenye basi asubuhi, Generosa alitaka wapitie hospitali kwanza.

"Hospitali hawana dawa ya jina, Mama Davis," Eufrasia alimjibu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Generosa akamfuata.

"Samahani, kaka," alimkatiza Herman, "boila liko wapi?"

"Tutafika, mama. Tunakwenda kwa mpangilio."

Mpangilio! Wakapelekwa kwenye mizani, wakapelekwa kwenye mashine ya kubana marobota, wageni wakapiga picha wakichekelea huku wamekumbatia vyuma vyenye kutu. Kilio cha mtoto kilizidi kuwa chembamba. Mwishowe uvumilivu ulimwisha Generosa. Alimshika mkwewe mkono, wakawapita wote mpaka chumba cha nyuma, kwenye lile boila kubwa jeusi.

Eufrasia akampakata mtoto, akapiga funda la maji kutoka kwenye chupa, akampulizia kifuani.

"Mihayo! Mihayo, ng'wana wane, mwanangu! Jina lako hili tumekupa. Tulia sasa."

Mtoto akanyamaza.

Hata Herman aliacha maelezo yake, akaja kuchungulia. Eufrasia akapiga vigelegele, wageni waliowafuata wakapiga makofi, mama mmoja akafuta machozi. Generosa alicheka kwa sauti. Alimpokea mwanawe, akatoa ziwa, akamgusisha mdomoni.

Midomo haikufunga. Macho yalikuwa nusu wazi, hayamtazami mtu.

"Mama, hajatulia huyu," alisema. "Ameishiwa nguvu za kulia."

"Usimtie mkosi mtoto, Mama Mihayo!" Eufrasia alimkemea.

Generosa hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia, akamkumba Herman kwa bega, akatoka hadi barabarani na kudandia bodaboda ya kwanza aliyoiona. Njia nzima alimlaani mkwewe, akamlaani marehemu asiyepata kumwona, akajilaani mwenyewe kuliko wote, maana miguu iliyompeleka kiwandani ilikuwa yake.

Hospitalini, muuguzi alimnyang'anya mtoto, akamgusa kifua, akawaita wenzake kwa sauti. Wakamzunguka. Eufrasia akaingia akihema, kitenge kimemvuka.

"Mwiteni mtoto, asipotelee usingizini," muuguzi alisema. "Anaitwa nani?"

"Mihayo," Eufrasia alisema.

Muuguzi akamgeukia mama wa mtoto.

"Mwiteni lolote, dada," Generosa alilia. "Lolote atakaloitikia."