Kingo Zilizobaki Dukani

Mkutubi mstaafu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kupimia, fremu nzito ya majaribio imemkalia puani, akitakiwa achague.

"Ya kwanza au ya pili?" mpimaji alimuuliza, akibadilisha lenzi.

"Zote naona sawa."

"Na sasa? Hii, au hii?"

"Ya pili imetulia kidogo. Au ni mimi tu nataka kukufurahisha?"

"Nifurahishe, mama, hakuna ubaya. Soma mstari wa chini."

Mkutubi akausoma bila kukosea, akashuka, akaenda upande wa mbele kuchagua fremu. Kitini, kwenye mkono wa kushoto, kilibaki kipande cha mtaa: ukuta wa matofali, mtaro, na baiskeli iliyoegemezwa ukutani, gurudumu lake bado linazunguka. Mpimaji alikishika kwa ncha za juu, kama mtu anayeanua shuka, akakipeleka stoo.

Vipande hivyo watu wa dukani waliviita kingo. Mtu anayepatwa na ugonjwa ule ambao wengi huuita presha ya macho hapotezi kile anachokitazama. Hupoteza pembeni kwanza, taratibu, bila maumivu, na akili humzibia pengo kwa ustaarabu mkubwa kiasi kwamba haoni kuwa haoni. Kilichokuwa pembeni hakina budi kwenda mahali. Katika duka hili kilibaki kitini.

Kingo zilikuwa nyepesi na hazikula nafasi, isipokuwa za watu wanaoishi kando ya barabara, ambazo zilikuwa na kelele. Muuzaji wa fremu, aliyepewa jina la Kioo kwa kuwa kutwa alikuwa akiwaambia wateja wamependeza, hakuacha kulalamika.

"Mbwa wako amebweka tena, mteja akiwa anajaribu miwani," alisema siku hiyo.

"Si wangu. Ni wa fundi bomba."

"Basi fundi bomba aje amchukue."

"Atamchukuaje na hamwoni?"

Kioo aliona hoja ina uzito, akarudi kupangusa fremu.

Kwenye dirisha la duka paliandikwa kwa rangi ya samawati kwamba hapo hufanyika upimaji kamili. Ulikuwa kamili kwa maana ya kwamba ulifika mwisho. Mteja alisoma herufi, alipata lenzi za kumfaa, aliondoka akisoma vibao vya upande wa pili wa barabara. Mashine ya kupima pembeni ilikuwepo tangu duka lifunguliwe: bakuli jeupe, kubwa, ambalo mtu huingiza uso ndani yake na kubonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Lakini kipimo chake kilichukua muda, wateja walisinzia humo, na foleni ilifika mlangoni. Meneja akaihamishia mbele, na Kioo akaitundikia miwani ya jua. Ilipendeza sana.

Mwanzoni mpimaji aliwashauri wenye kingo waende hospitali. Wengi walitoka hapo wakaenda duka la jirani kupata maoni ya pili, wakapimwa kwa herufi zilezile, wakauziwa miwani.

"Sisi si hospitali, dada," meneja alimwambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Anayetaka hospitali anajua iliko. Wewe mpe anachokijia. Na zile kingo zako zisizibe mlango wa stoo, tafadhali."

Ndivyo mambo yalivyokuwa pale baba yake mpimaji alipokuja kupimwa. Alikuwa dereva wa gari la mikate, na kampuni yake ilitaka madereva wote wapimwe macho kila mwaka. Alikuja na shati lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama, akawaamkia watu wote waliokuwa kwenye foleni.

"Huyo anayepima humo ndani ni mwanangu," aliwaambia. "Mimi sina wasiwasi. Ninyi je, mna mtoto humo?"

Watu wakacheka. Mpimaji alimsikia, na moyo ukamjaa. Akaamua kwamba baba yake hatapimwa kama wengine. Hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa alichomwongezea kilikuwa kilekile. Alimsomesha herufi kubwa na ndogo, alimbadilishia lenzi hadi zile za kona ya mwisho ya sanduku, alimsomesha hata jina la kiwanda kilichochapa ile chati, lililokuwa chini kabisa, ambalo hakuna mteja aliyewahi kulifikia. Baba akalisoma kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Mpimaji akamgongea cheti muhuri wake mwenyewe.

Baba alipoondoka, kitini pakabaki ukingo. Ulikuwa na pembe ya meza ya nyumbani kwao, birika, na dirisha lenye wavu uliochanika. Mezani aliketi mpimaji mwenyewe, ameinamia sahani, anakula.

Alijitazama kidogo. Akaona kwamba anapokula huvimbisha shavu, jambo ambalo mama yake alimwambia miaka mingi naye akabisha. Kisha akajishika kwa ncha za juu, akajipeleka stoo.

Jioni, nyumbani, aliketi mahali pake pa siku zote, mkono wa kushoto wa baba.

"Binti yako leo amechelewa," baba alimwambia mama.

Mama akamtazama mume wake, akamtazama mwanawe, akaendelea kupakua. Mpimaji alinyanyuka, akahamia kiti cha mbele.

"Ah, kumbe upo," alisema baba. "Umeingia kimya kama paka."

"Baba, lazima uende hospitali. Kipimo changu hakikutosha."

"Hakikutosha vipi? Umenipima mpaka shingo ikaniuma."

"Nilipima katikati tu. Pembeni sikupima."

Baba akavaa miwani mipya, akageukia kalenda iliyokuwa kwenye ukuta wa mbali, akasoma maandishi madogo ya chini, yale ya anwani ya mchapaji, pamoja na sanduku la posta.

"Asiyeona anasoma hayo?"

"Unaona katikati, baba."

"Na mimi huangalia katikati, mwanangu. Wewe umewahi kuona dereva anaangalia pembeni?" Akacheka, akaitafuta chumvi, ambayo mama alimsogezea. "Msomi mzima unajidharau. Mimi nawaambia watu barabarani, huyu ni wangu, wewe unaniambia hujui kazi."

Kesho yake, wateja walipopungua, mpimaji aliishusha miwani ya jua kutoka kwenye lile bakuli, akalifuta vumbi, akaliunganisha na umeme. Halikuwaka. Kioo alikuwa ameitoa balbu yake, akaiweka kwenye rafu ya fremu za bei ghali.

"Pale ilikuwa haimuliki mtu," Kioo alijitetea, na ilikuwa kweli.

Baba alikubali hatimaye kwenda hospitali, ili tu amani irudi nyumbani. Alifika mapema, akavaa miwani yake.

"Mzee, umewahi kupimwa?" muuguzi wa mapokezi alimuuliza.

"Juzi tu. Na binti yangu."

Muuguzi akauona muhuri kwenye cheti. Watu waliokwisha kupimwa na kuonekana wazima hawakuwa wa haraka. Huo ndio utaratibu, na benchi lilikuwa limejaa ambao hawajapimwa kabisa. Akampa tarehe ya mbali sana, akamtakia heri. Baba alirudi nyumbani amefurahi.

"Hata wao wameuheshimu muhuri wako," alimwambia mwanawe.

Kuanzia hapo kingo za baba zikawa zinakuja zenyewe, hata asipofika dukani. Asubuhi mpimaji alizikuta zimeegemea mlango wa duka: kioo cha kushoto cha gari la mikate, lango la jirani, jirani mwenyewe amenyanyua mkono kusalimia. Mtaani walianza kusema dereva wa mikate siku hizi anaringa. Kisha zikaanza kuja za kulia. Mama alikuja kipande kwa kipande, bega kwanza, mwishowe uso. Stoo ikawa na nyumba karibu nzima, na meneja akakodi chumba cha nyuma bila kunung'unika.

Mwaka ukapita, kampuni ikawaleta madereva tena. Tarehe ya hospitali ilikuwa bado haijafika. Baba alipapasa hadi kwenye kiti, akaketi, akasoma chati yote kutoka juu hadi jina la kiwanda, haraka kuliko mwaka uliotangulia, kwa kuwa sasa hakuwa na kingine cha kumbabaisha macho. Kioo alipiga makofi.

"Sigongi," alisema mpimaji.

"Mzee anasoma kunishinda mimi," alisema meneja.

"Hamwoni mtu aliyesimama karibu naye."

"Kampuni haikuuliza hilo. Imeuliza kama anasoma." Akachukua muhuri, akagonga mwenyewe, taratibu, asije akamwaibisha mtu mbele ya baba yake. "Nenda salama, mzee."

"Ahsante, wanangu," alisema baba, akizungumza na ukuta ulioonekana katikati yao. Kioo akamshika kiwiko, akamfikisha mlangoni.

Mpimaji alipogeuka, palikuwa na ukingo mpya kitini, ungali na joto. Ulikuwa wa barabara iliyo mbele ya duka, upande wote wa kushoto: kivuko, mistari yake myeupe, na watu wamekusanyika ukingoni mwa lami. Mwanamke mmoja alibeba trei ya mayai. Mwanamume mmoja alikuwa amemshika mtoto mkono, mguu mmoja tayari barabarani.

Nje gari la mikate likanguruma.

"Subirini kwanza," mpimaji aliwaambia wale watu.

Hawakumsikia, hawakuwa watu wa kusikia kutoka humo. Akaushika ukingo kwa ncha za juu, akaupeleka chumba cha nyuma, akauegemeza ukutani pamoja na nyingine, kwa uangalifu, mayai yasimwagike. Alipotoka, mteja alikuwa ameshaketi, na Kioo alikuwa anamwambia kwamba ana uso wa kubeba fremu yoyote.